Alama ya Mruko wa Tatu

Uwanja mzima ulimwita Bibi Reki, na yeye alishazoea. Jina la kuzaliwa likikosa wa kuliita, mwisho linakuwa kama sahani ya wageni: lipo, lakini halitoki kabatini. Kazi yake ilikuwa moja. Mrukaji akishatua mchangani na mwamuzi akishapima, yeye anaingia na reki yake ya mpini mrefu, anasawazisha ule mchanga mpaka unakuwa kama kitanda kilichotandikwa, tayari kwa anayefuata. Miaka ishirini na miwili alitandika kitanda asicholalia.

Chumba chake kilikuwa nyuma ya stoo ya vifaa vya uwanja. Kitanda, jiko, redio ambayo kitufe chake kimefungwa kwa uzi, na vikombe viwili. Kimoja alinywea. Cha pili, kidogo, cha bati, alikiosha kila Jumamosi kukitoa vumbi, akakirudisha palepale kikiwa kikavu. Mwenye kikombe hicho aliondoka ana miaka mitano, kashikwa mkono na mama yake aliyepata kazi nchi ya mbali, na sasa ilikuwa imepita miaka kumi na miwili. Bibi alimpa jina la Panzi, kwa sababu mtoto yule hakuwa akishuka kitandani kama watu. Aliruka, na kila siku alitua mbele kidogo kuliko jana.

Sheria ya chumba ilikuwa haitaki mjadala: mchanga hauingii ndani. Mtu akifika kizingitini anakanyaga mara mbili, pu, pu, ndipo anaingia. Panzi alilishika hilo kabla hajajua kufunga kifungo cha gauni lake.

Basi siku moja simu ikalia, na haikuwa Jumapili, siku ya simu. Bibi alidhani ni msiba.

"Mama, kaa kwanza," akasema binti yake.

"Nimekaa," akajibu, naye kasimama wima kama mlingoti.

"Panzi kachaguliwa. Mashindano ya kimataifa ya riadha ya vijana. Mruko mrefu! Na unajua yanafanyika wapi? Hapo hapo kwako, uwanjani kwako!"

Bibi sasa alikaa kweli.

"Ila sikiliza, mama. Hawawaruhusu kutoka kambini. Akimaliza kuruka atapewa dakika chache pale geti la wanamichezo, kabla ya basi lao kuondoka. Basi. Sasa wewe kaa jukwaani, mbele kabisa, na ujifunge kile kitambaa cha kijani nilichokutumia. Nimemwambia atakutafuta kwa macho. Amesema akikuona tu, miguu itapata nguvu."

"Nitakaa, mwanangu."

"Na mgongo? Bado uko ofisini na funguo zako?"

"Niko na funguo," akasema Bibi. Uongo huo ulikuwa na miaka minne. Aliutunga, kwamba amehamishiwa ofisini kutunza funguo, siku binti alipolia kwenye simu kwamba mama yake atakufa kainama juu ya mchanga, na tangu hapo ulikuwa umekomaa hata ukawa unajibu wenyewe.

Wiki ya mashindano, msimamizi wa kazi, mwanamke mwenye filimbi shingoni na kalamu sikioni, aliwakusanya wafanyakazi wote.

"Mwenye mtoto, mjukuu, shemeji, hata jirani wa kuombana chumvi anayeshindana hapa, aseme sasa hivi. Atapangiwa kazi nyingine. Sitaki maneno na wageni."

Watu wakacheka. Bibi Reki akatazama viatu vyake. Alipiga hesabu zake moyoni, nazo hazikuwa ngumu. Kutoka jukwaani, mrukaji anaonekana mkubwa kama kidole gumba. Kutoka ukingoni mwa shimo la mchanga ni hatua tatu. Miaka kumi na miwili mtoto amekuwa sauti tu ndani ya simu, halafu leo amtazame kwa mbali kama mwezi? Atamweleza baadaye, pale getini. Atacheka mtoto. Bibi akanyamaza, na kunyamaza kule kukaandikwa kuwa hana ndugu.

Asubuhi ya siku yenyewe alikitia kitambaa cha kijani kwenye mfuko, mfuko akautundika stoo, akavaa kizibao cha wafanyakazi na kofia yenye ukingo mpana. Mlangoni alikutana na Msumari.

Msumari alikuwa mwenzake wa miaka yote. Yeye ndiye aliyekuwa akichomeka kijiti cha chuma pale mrukaji alipogusa mchanga, ili futi ya kupimia isomwe. Walikuwa na desturi yao wawili, isiyoandikwa popote: Msumari akishasoma kipimo na kukichomoa kijiti, anakanyaga mara mbili kukung'uta mchanga viatuni, na hapo Bibi anaingia na reki. Hawakuwa wakiangaliana wala kuambizana. Pu, pu, reki inakwenda. Lakini safari hii waamuzi walikuja na ndege, na Msumari akapelekwa kulinda geti la wanamichezo.

"Leo una kizibao kipya kama bibi harusi," akamtania.

"Na wewe umewekwa getini kama komeo bovu."

"Komeo bovu ndilo linalojua mwizi alipopitia." Kisha akaacha mzaha. "Sikia. Huyo mwamuzi mgeni hakanyagi. Akimaliza anainua mkono, basi. Usimtegee sikio, mtegee jicho."

"Mwenye macho haambiwi tazama."

"Mimi nakwambia hivyo hivyo."

Warukaji walikuwa kumi na wawili, wasichana tu. Kila mmoja ana miruko mitatu, halafu wanane bora wanaongezewa mitatu mingine, na hapo ndipo medali zinapotafutwa. Wanne wanakwenda zao.

Panzi alikuwa wa saba kuruka. Bibi alimjua kabla hajaona namba. Paji la uso lilikuwa la binti yake, na ile miguu mirefu sijui ilitoka kwa nani, lakini namna ya kusimama, kidole cha mguu mmoja kikigusa kisigino cha mwingine, ilikuwa ni ya yule mtoto wa kizingitini. Msichana alisimama mwanzo wa njia ya kukimbilia, akainua macho jukwaani. Akapita safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, taratibu, kama mtu anayesoma orodha ya majina yaliyobandikwa ukutani akitafuta lake.

Hakukiona kitambaa. Akakimbia, akakanyaga nje ya ubao wa kurukia. Kibendera chekundu: mruko hauhesabiwi.

Bibi akasawazisha mchanga, na mpini ukawa mzito kuliko jana.

Wenzake Panzi walikuwa na walimu wao kwenye uzio, wakiwaelekeza kwa mikono, wengine na baba zao wakipiga kelele mpaka mishipa ya shingo inasimama. Timu ya Panzi ilikuwa na mwalimu mmoja, naye alikuwa ng'ambo ya uwanja kwa mrusha mkuki. Msichana alikaa mwisho wa benchi, akajizungushia taulo mabegani ingawa jua lilikuwa kali. Hakuna aliyezungumza naye. Hatua tatu kutoka kwake alisimama bibi yake, naye hakusema kitu, maana mfanyakazi kuzungumza na mwanamichezo ni marufuku. Mara moja Panzi alipita kwenda kuchukua maji, akaruka mpini wa reki, akasema, "Samahani." Alilisema kwa lugha ya nyumbani, kwa mazoea, bila kuangalia aliyekuwa akimwambia. Hilo neno moja Bibi alilibeba mchana ule wote.

Mruko wa pili: mita tano na sitini na moja. Ulikuwa mzuri lakini haukutosha. Panzi akatazama tena jukwaani, safari hii haraka haraka, kama mtu anayekagua mfuko anaojua hauna kitu.

Ikafika zamu ya mruko wa tatu. Aliyeshika nafasi ya nane alikuwa na mita tano na sabini na nane. Panzi avuke hapo, abaki. Asipovuka, kwao.

Safari hii hakutazama jukwaani. Alikimbia kichwa kimetulia, akaupiga ubao kwa mguu wa kulia, akapaa. Bibi amewaona wengi wakiruka, lakini waliopaa anawahesabu kwa vidole. Panzi alitua, mchanga ukamwagika pande zote, mkono wa kushoto ukagusa nyuma kidogo kumzuia asianguke. Kibendera cheupe kikainuliwa.

Jicho la Bibi likasoma mchanga lenyewe, kama lilivyosoma maelfu ya alama: visigino vimepita ubao mdogo wa pembeni wenye namba sita, mkono uko nyuma ya ubao huo kwa kiganja kimoja. Mkono ndio unaopimwa. Hata hivyo unatosha, tena unatosha na kubaki. Mwamuzi mgeni alikuwa anainama kuokota kijiti chake.

Miruko ya kwanza alitokea upande wa pili; safari hii Panzi akatoka mchangani kwa upande wa Bibi. Walikuwa karibu kiasi cha kusikia anavyohema. Akasimama ukingoni, na kama alivyofanya kila siku ya maisha yake, akakanyaga chini mara mbili.

Pu, pu.

Mikono ya Bibi haikumuuliza. Reki ilikwenda mbele ikarudi, na ilipokwenda tena yule mwamuzi alipiga ukelele, lakini mchanga ulikuwa umeshalainika, safi, kama hajapata kutua mtu pale tangu dunia iumbwe.

Panzi akageuka. Ndiyo mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili mjukuu kumtazama bibi yake usoni, na chini ya ukingo wa ile kofia aliona kizee kilichomfutia mruko wake.

Waamuzi wakakusanyika, wakanong'ona, wakafungua kitabu. Sheria ni fupi: alama isiyopimwa haipo. Msichana atarudia. Msimamizi akaja mbio, filimbi inarukaruka kifuani, akaishika ile reki, akampa mtu mwingine.

"Kaa pembeni, Bibi. Kaa tu."

Panzi akapewa dakika chache za kupumzika. Akazimaliza kwa kutembea huku na huku, mikono kiunoni, akipepesa macho ili yasimwage machozi. Mwili ukishatoa kilicho chake, kuudai tena papo hapo ni kumkamua ng'ombe mara mbili asubuhi moja. Akakimbia, akaruka. Mita tano na sabini. Wa tisa.

Akakusanya viatu na taulo. Kabla ya kuondoka aliangalia jukwaani mara ya mwisho, safu ya mbele kabisa, akainamisha kichwa, akaenda zake peke yake kwenye njia ya kutokea.

Msimamizi alimkuta Bibi stoo, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Usijilaumu sana. Ni uzee, na hawa wageni wana mambo yao. Nitaandika ni bahati mbaya."

Mlango wa kujitoa lawamani ulikuwa wazi, wa kutosha bibi kizee kupita bila kuinama.

"Si uzee," akasema Bibi. "Yule ni mjukuu wangu."

Msimamizi akatoa kalamu sikioni, akairudisha.

"Niliuliza. Ukasema huna."

"Sikusema. Nilinyamaza."

"Ni hayo hayo, Bibi."

"Najua."

Msimamizi akageuka kuondoka. "Kesho usije shimoni. Wala keshokutwa. Mpaka mashindano yaishe." Akatoka, kisha akarudisha kichwa mlangoni. "Basi lao linaondoka sasa hivi. Kama unakwenda, nenda."

Bibi akauchukua mfuko, na reki ya zamani iliyokuwa imeegemea ukuta, kwa vile mikono haikujua kutembea mitupu. Getini Msumari alikuwa ameshapata habari. Habari mbaya haina haja ya geti.

"Yuko pale kwenye kokoto, anasubiri," akamnong'oneza. "Anatafuta kijani. Sasa nisikilize mimi. Vua hicho kizibao na hiyo kofia. Jifunge kitambaa. Mwambie ulikuwa juu jukwaani, watu walikuziba. Uso wako hakuuona vizuri. Mtoto anaondoka, hatajua milele. Kuna dhambi gani?"

Bibi akakitoa kitambaa. Akavua kofia, akajifunga kile kitambaa vizuri, akakaza fundo. Vidole vikaenda kwenye kamba za kizibao, vikakaa hapo. Akafikiria Jumapili zote zijazo, simu inalia, na yeye anajibu kwa uongo mpya ambao ungekuja kuzeeka naye chumbani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Akaziacha kamba zilivyo.

Panzi aliona kijani kwanza. Uso ukafunguka kama dirisha. Akapiga hatua mbili, halafu macho yakashuka kwenye kizibao, na reki, na dirisha likasimama nusu.

"Bibi?"

"Ndimi."

"Wewe ndiye..."

"Ndiye mimi niliyekufutia. Sikai ofisini, sina funguo zozote. Kazi yangu ni mchanga, kama zamani. Waliuliza kama nina ndugu anayeshindana, nikanyamaza, maana nilitaka kukuona karibu."

Nyuma yake basi lilikuwa linanguruma, wenzake wanapanda, wanacheka kwa lugha nyingine.

"Nilikutafuta," akasema. "Kila mruko. Nikadhani hukuja."

"Nilikuwa hatua tatu."

"Sikujua! Ungekuwa juu ningekuona. Hatua tatu zinanisaidia nini kama sijui?"

Bibi alisimama akalipokea lote.

Panzi akajifuta pua kwa mkono. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, karibu ya yule mtoto wa miaka mitano: "Ulikuwa umefika wapi?"

"Nini?"

"Mruko wangu. Wewe ndiye pekee uliyeuona kabla haujafutika. Ulifika wapi?"

Hapo pia palikuwa na mlango wazi. Angesema tano na sabini, mtoto angepumua, na kosa lingepungua uzito mpaka likawa si kosa.

"Njoo," akasema Bibi.

Akachora mstari kwenye vumbi, kando ya kokoto, kwa kisigino. "Huu ubao wako." Akalaza reki chini kuanzia hapo. Mpini ule ulikuwa mita moja na nusu kamili; alishaupima mara elfu. Akaulaza mara ya kwanza, mara ya pili, mgongo ukalia, mara ya tatu. Panzi akainama akamsaidia kuulaza mara ya nne.

"Hapa ni sita. Visigino vyako vilikuwa hapa, mbele. Lakini mkono wa kushoto uligusa nyuma." Akaweka kiganja chake vumbini, nyuma ya alama ya sita, akachora kwa kidole pale kiganja kilipoishia. "Hapa. Ungebaki. Ungebaki bila wasiwasi. Nimekukosesha, mjukuu wangu."

Panzi alikuwa anauangalia ule mstari.

"Huo mkono!" akasema. "Mwalimu ananipigia kelele kila siku kwa sababu ya huo mkono." Akacheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, kikarudi tena. "Sijawahi kufika hapo, Bibi. Hata mazoezini."

Msumari akaja, futi yake ya zamani mkononi, futi aliyotembea nayo mfukoni hata baada ya kunyang'anywa kazi. Akaivuta kutoka mstari hadi mstari, akainamia, akakunja jicho moja.

"Tano na tisini na moja," akatangaza, kwa ile sauti yake ya mashindano. "Haiandikwi popote. Lakini ndiyo hiyo."

"Tano na tisini na moja," Panzi akarudia.

Bibi alibaki upande wa mwanzo, msichana upande wa kutua, na mruko wote umelala katikati yao. Dereva akapiga honi. Panzi akaja akitembea juu ya umbali ule, polepole, akamkumbatia bibi yake haraka na kwa nguvu, kama mtu anayechukua kitu kabla hakijafungwa. Alinukia mchanga.

"Jumapili nitapiga mimi," akasema. "Si mama."

"Utamwambia?"

"Kuhusu funguo? Utamwambia mwenyewe." Hakutabasamu alipolisema hilo, lakini mkono hakuuondoa begani mpaka honi ya pili.

Akakimbia hadi mlango wa basi. Akiwa mguu mmoja juu, akakumbuka, akaushusha, akakanyaga mara mbili.

Pu, pu.

Kwa Bibi, mikono ilishtuka. Vidole vikakaza mpini wa reki, mabega yakainama mbele yenyewe, kama yalivyoinama miaka ishirini na miwili. Msumari alimwona, akajifanya anakunja futi.

Reki haikwenda mahali. Bibi alisimama nayo hivyo, mpaka basi likatoka getini, likakunja kona, na vumbi lake likaja taratibu kutua juu ya ile mistari miwili.